Ruhusa ya Mdomo

Mwaka ambao vita vya Majimaji vilikwisha kule bara, mpiga mbiu alizunguka Baleni nzima akitangaza kwamba Msitu wa Mitondoo umefungwa. Msitu ule na ziwa lililo ndani yake ni vya serikali tangu leo, alisema. Asiingie mtu kukata mti, wala kuwasha moto, wala na mbwa, wala na silaha. Viboko wa ziwani wasiguswe. Mwenye haja ya kuingia akaombe ruhusa kwa msimamizi.

Watu walisikiliza, wakaguna, wakarudi kwenye mihogo yao. Viboko hawakuwa na rafiki Baleni, maana mpunga waliokuwa wakiukanyaga ulikuwa wa watu. Wanawake waliumia kidogo kwa ajili ya ukindu wa kusukia mikeka, ambao ulijaa kandokando ya msitu, lakini walipoona hakuna anayewafukuza pale ukingoni waliendelea kuukata kimyakimya. Aliyeumia kweli ni Kidawa, mke wa Matano mkwezi, kwa sababu kaburi la mama yake lilikuwa ndani.

Mama yake aliitwa Kijakazi, na jina lake ndilo lililokuwa hali yake. Alikuwa mtumwa wa mzee Sleyum, Mwarabu aliyekuwa na shamba la minazi juu ya ziwa. Mke wa Sleyum alipofariki uzazini, Kijakazi alikuwa ananyonyesha binti yake Kidawa, na yule mtoto mchanga wa bwana aliletwa akawekwa upande wa pili. Mtoto huyo ni Zahor. Wakakua pamoja, ndugu wa kunyonya ziwa moja, na kwa sheria ya dini hapakuwa na tofauti kati ya undugu huo na ule wa tumbo. Kijakazi alipokufa alizikwa palepale pembeni mwa shamba, kwa sababu makaburi ya mabwana hayakuwa ya watu kama yeye. Shamba likatelekezwa, msitu ukalimeza, kaburi likabaki humo.

Na msimamizi wa msitu, yule wa kuombwa ruhusa, alikuwa Zahor bin Sleyum.

Ndiyo maana Kidawa hakuwa na wasiwasi mkubwa siku alipovaa kaniki yake nzuri akaenda kwake. Binti yake, Mwanahalima, alikuwa ameposwa na Ussi wa Miburani, na harusi ilikuwa mwezi unaofuata. Kwao ilikuwa desturi mwari kupelekwa kaburini kwa bibi yake kabla ya kutolewa, akaombewe dua pale. Kidawa mwenyewe hakupelekwa, maana bibi yake yeye hakuna aliyejua amezikwa nchi gani. Kwa hiyo hili alilitaka sana.

Barazani kwa Zahor kulikuwa na wageni wanakunywa kahawa. Kidawa akapiga magoti.

"Shikamoo, Bwana Zahor."

"Marahaba," akajibu Zahor bila kumwangalia vizuri. Walikuwa marika, tena Kidawa alimzidi miezi kadhaa, lakini mbele za watu ilikuwa hivyo tangu utoto na hakuna aliyewahi kuiuliza. Wageni walipoondoka, Zahor alimwita ndani ya ukumbi, akamwekea kigoda, na sauti yake ikabadilika.

"Haya dada, una lipi?"

Kidawa akamweleza. Zahor alisikiliza akipapasa ndevu. Alikuwa mtu wa utaratibu, apendaye kitu kiwe mahali pake, na hata kazi hiyo alipewa kwa sababu hiyo.

"Mtakuwa wangapi?"

"Mimi, mtoto, na baba yake."

"Basi. Asizidi mtu. Mwende Alhamisi, jua likishapanda, viboko wakiwa wamekwisha kurudi majini. Mpite njia ya juu, ile ya mikoche. Msishuke ziwani, msikae kwenye mapito yao, msipige kelele."

"Hayo nayajua, Zahor. Tumezaliwa pale."

"Nayasema kwa kuwa ni kazi yangu kuyasema. Mbwa abaki nyumbani. Kisu kisiingie."

"Kaburi litakuwa limefunikwa na majani. Tutalisafishaje bila kisu?"

"Kwa mikono."

"Na ubani?"

"Moto ni moto, dada."

"Kaa moja tu ndani ya chetezo. Nitalibeba mimi mwenyewe, na nitalizima mimi mwenyewe."

"Nikikuruhusu wewe kaa moja, kesho mwingine ataniomba kuni. Siwezi."

Ilimchoma Kidawa kumfikiria mama yake akizuriwa bila hata harufu ya ubani, lakini alikubali. Alijiambia kwamba masharti ni ya wote, na kama ndugu yake mwenyewe hataki kuyapinda, basi angalau ni mtu wa haki. Akauliza la mwisho.

"Huendi nasi? Ni mama yako pia."

Zahor alitupa jicho mlangoni. "Nina shughuli nyingi Alhamisi."

"Basi nipe kitu. Hata kijiti chenye alama yako, tukikutana na askari nimwonyeshe."

"Neno langu halikutoshi?"

Kidawa akaona haya. "Linatosha," akasema, akaaga.

Matano hakuipenda safari hiyo. Alikuwa mtu mwembamba wa mikono mirefu, aliyeshinda juu ya minazi ya watu tangu asubuhi hadi alasiri, na akiwa chini alipenda kukaa. "Mimi nimeoa mke mmoja," alisema, "nikapewa na mkwe wa kuombewa ruhusa serikalini." Mwanahalima akacheka. Lakini Kidawa alikwisha kupanga kila kitu na hakutaka mzaha. Siku tatu kabla alikwenda peke yake hadi mwanzo wa msitu kuangalia kama njia ya mikoche bado inapitika. Alimfunga mbwa wao kwenye mguu wa kitanda. Alimkataza binti yake kuvaa kanga nyekundu. Alhamisi asubuhi walipokuwa wanatoka alimwona Matano bado ana kisu chake cha ukwezi kiunoni, akamsimamisha.

"Kivue."

"Mke wangu, hiki ni kama kidole changu."

"Tumeambiwa kisu kisiingie. Kivue."

Matano alikivua, akakichomeka kwenye makuti ya ukuta, akafuata nyuma huku akijishika kiuno kama mtu aliyesahau nguo.

Kidawa hakujua kwamba jana yake meli ilikuwa imetia nanga, na wageni watatu wa Kizungu walikuwa wameshuka na kuomba wapelekwe kuona viboko. Hayo aliyasikia muda mrefu baadaye. Wageni walikuwa na kibali kutoka kwa wakubwa wa juu, kibali cha kupiga mmoja, na Zahor aliamriwa kuwatengenezea safari. Akaitengeneza kama alivyotengeneza kila jambo: wapagazi, chakula, njia ya chini ikafyekwa mpaka maji yalipo.

Kina Kidawa walifika kaburini salama. Lilikuwa juu ya mteremko, chini yake ziwa likionekana kati ya majani, na viboko wamezama, masikio tu yakichezacheza juu ya maji. Majani yalikuwa yamejaa kweli. Waling'oa kwa mikono, wote watatu, viganja vikachubuka, mpaka mawe mawili ya kichwani na miguuni yakatoka. Mwanahalima alikaa upande wa kichwa, akasoma Yasini aliyoihifadhi chuoni, kwa sauti ya chini, maana walikatazwa kelele. Kidawa alimtazama binti yake na kumtazama mama yake ardhini, akasahau ubani. Hata Matano aliacha utani, akainua mikono, akaitikia amina kwa kila dua, polepole, kama mtu mwenye adabu zake zote.

Ndipo waliposikia mbwa.

Matano ndiye aliyesikia kwanza. "Si umesema mbwa wasiingie?"

Sauti za watu zikapanda kutoka bondeni, kicheko, kisha mlio wa bunduki uliotikisa ndege wote msituni. Ukafuata wa pili. Maji yakavurugika. Kidawa aliinuka akaona kundi la watu ng'ambo ya ziwa, nguo nyeupe, kofia pana, na wapagazi wakikimbia. Viboko wengine walizama. Mmoja hakuzama. Alitoka majini akivuja damu shingoni, na kwa kuwa mapito yake yalikuwa yamejaa watu na mbwa, hakuyafuata. Akapanda mteremko.

Kitu kizito kama kile hakuna anayekidhania kwenda mbio mpaka akione. Kidawa alimvuta Mwanahalima mkono, wakaanguka nyuma ya shina la mtondoo. Matano alibaki wazi. Angeweza kurukia mti, alikuwa mkwezi, lakini alisimama kwanza kuona kama wenzake wamefika, na muda huo ukamtosha mnyama. Kiboko hakumng'ata. Alimkumba tu, akapita juu ya mguu wake, akaenda zake akaanguka huko mbele kwenye vichaka. Mlio wa ule mfupa Kidawa aliusikia kutoka pale alipolala.

Watu walipopanda kuja, walimkuta ameshika kichwa cha mume wake mapajani, damu imelowesha ile kaniki nzuri. Mgeni mmoja, kijana, alivua kitambaa cha shingoni akakiinamia kile kidonda, akakifunga. Wengine wawili walimpita wakamfuata kiboko. Nyuma yao alikuja Zahor, kanzu imemnyooka, ameshika mwavuli wa mgeni.

Kidawa alimtazama kwa matumaini yote aliyokuwa nayo. "Zahor," akasema, "ona."

Zahor aliona. Uso ulimbadilika, ukawa wa kijivu. Kisha akageuka nyuma, ambako askari alikuwa anapanda, na akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Nani kawaingiza watu hawa humu?"

Matano hakufa. Alichukuliwa kwa machela mpaka nyumbani, mganga wa kuunga mifupa akaitwa kutoka Kirongwe, akamfunga mabanzi, akasema mfupa wa juu utaunga na ule wa chini umesagika. Ndivyo ilivyokuwa. Mguu ulipona ukiwa umepinda kama upinde, na mtu aliyekuwa akipanda mnazi kabla hujamaliza kumsalimu sasa alivuka kizingiti kwa kushikwa. Alikuwa na maumivu, na maumivu yalimtoa maneno. Siku moja alimwambia mkewe, "Hata kisu ulinivua." Kidawa alijua kisu kisingemfanya kiboko lolote, na Matano naye alijua. Lakini neno likishatoka halina pa kurudi, likakaa mle chumbani pamoja nao.

Katika siku hizo Zahor alikuja mara moja tu, alasiri, akiwa peke yake. Hakuketi.

"Kidawa, kuna shauri Chole. Bwana shauri anataka kujua watu waliingiaje msituni siku ya wageni. Sikiliza. Sema mlifuata ukindu mkapotea njia. Basi. Hakuna atakayekuadhibu kwa kupotea, na Matano nitamtazama mimi."

"Tulipotea?"

"Sema hivyo."

"Sisi tulipita njia ya mikoche. Tulikwenda jua limepanda. Hatukuwa na mbwa, hatukuwa na kisu, hatukuwasha hata kaa la kumfukizia marehemu. Yote uliyosema tuliyashika, Zahor. Mbona wenye mbwa na bunduki hawakupotea?"

"Wao walikuwa na kibali."

"Na mimi?"

Zahor alitazama mlangoni, kama alivyotazama siku ile. "Sikuwa na mamlaka ya kukupa," akasema polepole. "Nilikupa kwa undugu. Wakijua, nimekwisha."

"Basi useme hivyo. Useme ulinipa kwa undugu. Ni neno zuri, wala halina aibu."

Zahor akaondoka.

Wakavuka kwa ngalawa kutoka Utende kwenda Chole, Kidawa na binti yake, Matano akiwa hawezi kusafiri. Bwana shauri, Mzungu wa serikali aliyekuwa akiamua kesi, alikaa nyuma ya meza, mkalimani ubavuni. Hakuwa mtu wa kelele. Alimuuliza Kidawa aliingia kwa ruhusa ya nani, na Kidawa akasema bila kuzungukazunguka: kwa ruhusa ya msimamizi, aliyonipa kwa mdomo wake, nyumbani kwake. Bwana shauri akamgeukia Zahor.

Kidawa hakuwa amewahi kumwogopa Zahor mpaka dakika ile alipomwona anakohoa kusafisha koo.

"Mwanamke huyu," alisema Zahor, "ni mtoto wa mtumwa wa baba yangu. Watu hawa tangu zamani wana kinyongo na nyumba yetu. Sikumpa ruhusa. Ningempaje, nami najua wageni wanakuja?"

Mkalimani akafasiri. Bwana shauri akatikisa kichwa kukubali, maana jambo lenyewe lilisikika la akili. Mwanahalima akataka kusema, mama yake akamfinya mkono. Kidawa mwenyewe alikuwa na maneno mengi, lakini yote yalimkauka, kwa kuwa hakuna lililokuwa uongo katika sentensi ile ya kwanza. Alikuwa kweli mtoto wa mtumwa wa baba yake. Ila kwa miaka yote hiyo alidhani kuna sentensi ya pili inayofuata.

Hukumu haikuwa nzito kwa macho ya waliokuwepo. Kwa kuwa mume amekwisha kuumia, hapatakuwa na viboko vya mgongoni. Mwanamke atafyeka barabara ya Baleni mwezi mmoja. Na kwa kuwa imedhihirika watu hawaheshimu mipaka, askari wawili watawekwa msituni, na tangu sasa asikanyage mtu, hata ukingoni.

Hilo la mwisho ndilo lililomaliza mambo. Wanawake wa Baleni waliokuwa wakikata ukindu kimyakimya walifukuzwa kwa kitako cha bunduki. Ikawabidi wautafute mbali, na mikeka ikapungua. Hakuna aliyemlaumu Zahor, kwa sababu Zahor alikuwa bwana, na bwana halaumiwi na mtu anayelima kwenye ardhi yake. Walimlaumu Kidawa. Alipokuwa akifyeka barabara na jembe lake, walimpita na vikapu kichwani, na aliyekuwa akimwita shoga jana leo alimwita "yule wa kaburi". Bimkubwa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimwambia wazi: "Ungemwombea mama yako nyumbani, dua ingefika vilevile." Dua ingefika, ni kweli.

Harusi ya Mwanahalima ilifungwa, kwa vile Ussi na wazee wake walikuwa waungwana na hawakurudi nyuma. Baba wa bibi harusi aliozesha akiwa ameketi kwenye mkeka, mguu ameufunika. Zahor hakuja, alimtuma mkewe, Zuleikha, na sinia ya halua na doti mbili za kanga. Zuleikha alisubiri wageni wapungue, akamvuta Kidawa uani.

"Nina jambo limenikaa moyoni," akasema. "Ile Jumatano habari ya wageni ilipokuja, mimi nilimkumbusha. Nilimwambia, na Kidawa je? Si umempa ruhusa kesho? Mtume mtu akamwambie asiende."

"Akasemaje?"

"Akasema akikukataza itabidi aeleze kwa nini alikuruhusu. Akasema wewe utapita juu, wao watapita chini, hamtaonana." Zuleikha alianza kulia. "Nikanyamaza, Kidawa. Nikaenda kupika."

Kidawa aliirudisha ile sinia mikononi mwa Zuleikha, na kanga juu yake zikiwa zimekunjwa kama zilivyokuja. Hakusema kwa ukali. "Watoto wako wanapenda halua," alisema. "Wapelekee."

Mpaka siku hiyo alikuwa bado amemwekea Zahor kisingizio: pengine alisahau, pengine wageni walimjia ghafla, pengine hofu ya mbele ya bwana shauri ilimtoa akilini. Sasa alijua kwamba Zahor aliketi nyumbani kwake, mchana kweupe, akawapima yeye na mtoto na Matano upande mmoja, na kazi yake upande wa pili, halafu akaenda kuchagua wapagazi.

Kabla ya Idi, Zahor alikuja mwenyewe kuomba radhi, kama watu wafanyavyo mwezi wa kufunga ukikaribia kuisha. Alipiga hodi. Kidawa alikuwa ukumbini akisuka, Matano akisokota kamba za makumbi karibu naye. Hakuinuka, wala hakupiga magoti, wala hakusema shikamoo.

"Nimekuja unisamehe, dada," alisema Zahor akiwa amesimama kizingitini. "Kwa haki ya maziwa tuliyonyonya."

"Maziwa hayakuwa yangu," Kidawa akamjibu. "Mwenyewe yuko Mitondoo. Wewe huhitaji ruhusa ya mtu kuingia, nenda ukamwombe."

Zahor alisubiri kidogo aone kama kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Matano, ambaye miezi yote hiyo hakuwa amemwambia mkewe neno tamu, alisogeza ule mguu wake uliopinda, akaunyoosha kadiri ulivyoweza kunyooka, ukaziba njia ya kuingilia. Zahor akageuka akaenda.

Hawakukaa tena Baleni. Ussi aliwatafutia kiwanja Miburani, wakajenga kibanda karibu na binti yao, na huko hakuna aliyewajua. Majirani wapya walikuwa watu wema. Waliwaletea samaki, wakauliza habari kama wanavyoulizwa wageni popote. Mama mmoja mzee alitaka kujua kama Kidawa ameacha ndugu huko alikotoka.

"Sina," alisema Kidawa.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama. Karibu ukae."